Uliza Fundi: Zege la chapa kwenye jua la jangwani

Mwezi huu barua zimekuja nyingi na karibu zote zinalia kilio kimoja, watu wanaokaa sehemu kame wanataka zege la chapa nje ya nyumba na wanaogopa jua. Kwa ambao hawajawahi kuliona, ni zege la kawaida tu lililotiwa rangi, halafu likiwa bado bichi linalazwa mikeka ya mpira yenye sura ya mawe au tofali au mbao, inakanyagwa na kugongwa, ukiivua unakuta sura imebaki. Basi tuingie kazini.

*Shikamoo fundi. Tunajenga jangwani kabisa, mvua tunaiona kwa bahati. Mume wangu kaona picha za zege la chapa jeusi kama jiwe la mlimani, anataka ua mzima uwe hivyo, mita za mraba 40. Shemeji anasema jua litalipasua lote ndani ya mwaka mmoja. Nani tumsikilize? – Mama Mwenye Ua*

Marahaba mama. Shemeji hayuko mbali na ukweli ila kakosea muda. Zege la jangwani halisubiri mwaka, likiharibika linaharibika siku ileile ya kumwaga, tena mara nyingi kabla hata mafundi hawajanywa chai. Likivuka siku hiyo salama na kutunzwa ile wiki ya kwanza, jua la miaka inayofuata litaligusa rangi na sila, yaani lile koti la kung'aa linalopakwa juu kulinda uso, lakini zege lenyewe litakuwepo.

Ngoja nikueleze kinachotokea maana watu wengi wanadhani adui ni joto. Joto lina makosa yake ndio, linafanya zege ligande haraka, ila mwizi mkubwa ni maji kuondoka. Zege likishamwagwa huwa linatoa maji yake juu kidogo kidogo. Kukiwa na jua, upepo na hewa kavu, maji yanaruka haraka kuliko yanavyopanda. Mafundi wa zege wana kipimo chao, ikifika kilo 1 ya maji kwa kila mita ya mraba kwa saa, hapo ni hatari tupu. Sasa piga hesabu kwenye ua wako wa mita 40, ni lita 40, yaani ndoo mbili za lita 20 zinapotea hewani kila saa na wewe umesimama hapohapo unaangalia huoni kitu. Juu panasinyaa, chini bado uji, panachanika.

Kwahiyo kazi ianze usiku. Sisemi asubuhi, nasema usiku, taa ziwashwe, gari la zege lifike kabla ya alfajiri, ili jua linapochomoza mikeka iwe inamalizia kona ya mwisho. Kokoto na mchanga vikae kivulini tangu jana yake, maji ya kuchanganyia yawe ya baridi, na kama joto ni kali sana sehemu ya maji iwe barafu. Zege lenyewe likifika lipimwe kwa kipimajoto, likizidi nyuzi 35 mi silipokei, lirudi lilikotoka. Jioni yake kifusi cha chini kiwe kimeshashindiliwa na kulowanishwa, unyevu tu sio madimbwi, maana kifusi kikavu nacho kinanyonya maji kwa chini na hapo zege linakuwa linaibiwa pande zote mbili. Upande wa upepo simamisha turubai. Na msimwage mita 40 zote kwa mkupuo kama mafundi ni wanne, gaweni vipande viwili au vitatu mfanye siku tofauti.

Unene sentimita 10 unatosha kwa ua wa kutembea, pakipita gari ongezeni ifike 12 au 15. Na mikato, ile mistari inayokatwa kwenye zege makusudi ili lipasuke hapo na sio kwingine, jamani mikato! Watu wanaikataa eti inaharibu mchoro. Zege likishika joto linatanuka, likipoa usiku linarudi, na jangwani tofauti ya uso wa zege mchana wa kiangazi na usiku wa baridi inaweza kufika nyuzi 40, kwa zege la urefu wa mita 10 hapo ni kama milimita 4 za kwenda na kurudi. Usipolipatia mahali pa kuchezea litajitafutia lenyewe, na halitachagua pazuri. Kwa sentimita 10 weka mkato kila mita 2 na nusu mpaka 3, kina kisipungue sentimita 2 na nusu, ukatwe mapema zege likishaweza kubeba mashine, kwenye joto hilo usisubiri kesho. Fundi mwenye jicho anaupitisha kwenye mstari wa mchoro wala huuoni. Na zege linapokutana na ukuta wa nyumba acheni nafasi mweke kitu laini, wasigandane.

Sasa rangi, hapa naomba mume wako anisamehe. Nyeusi jua la mchana linaweza kuipeleka kupita nyuzi 60, watoto hawatakanyaga pekupeku na usiku itawarudishia joto lote mlangoni mmekaa mnapunga hewa ya moto. Chukueni rangi ya mchanga, ya krimu, ya udongo uliopauka. Akibisha sana mpe nyeusi kwenye ukingo tu, kama pindo la kanga, katikati pabaki peupe. Na rangi iwe ya unga wa madini, zile za oksidi ya chuma, hizo jua haliziwezi. Nyeusi ya masizi, ile ya kaboni, kwenye zege la nje inapauka na kuondoka, ndo utasikia mtu analalamika ua wake umegeuka majivu.

Halafu jambo moja la mwisho kwako, muulize fundi rangi ataichanganya ndani ya zege au atainyunyizia juu. Ya kunyunyizia inapendeza na inaongeza ugumu lakini inahitaji yale maji yanayopanda juu ili ilowane, na jangwani ndo hayapo. Mi ningesema ichanganywe ndani.

*Fundi mambo. Mimi nipo kwenye hiihii kazi, mwaka wa pili sasa. Zege likianza kukauka kabla sijamaliza kulaza mikeka huwa narushia maji juu na brashi linalainika naendelea. Bosi anasema sawa, mzee mmoja wa site anasema naharibu. – Kijana wa Mikeka*

Poa kabisa mdogo wangu. Mzee yuko sahihi, mpe heshima yake. Maji unayorusha juu yanaingia kwenye ule uso wa mwisho, ambao ndo unakanyagwa na ndo una rangi, unakuwa dhaifu, baada ya miezi unatoa vumbi na kubanduka vigamba, na rangi inakuwa na mawingu mawingu. Kuna dawa ya kupulizia inayoweka utando mwembamba juu ya zege bichi, inazuia maji yasiruke, hiyo ndo utumie mara tu baada ya kusawazisha. Na kuna ya kuchelewesha zege kuganda, inawekwa kwenye mchanganyiko, mwambie bosi ainunue, na kama anataka zege laini la kutiririka anunue dawa ya kulainisha badala ya kuongeza maji kwenye mikisa, ile mashine ya kuchanganyia.

Kujua muda wa kuanza, tumia kidole. Bonyeza, kikizama kama nusu sentimita kikaacha alama safi na hakijatoka na uji, anza. Lakini bonyeza sehemu kadhaa, maana jangwani kuna ujanja mmoja unawaumiza vijana, juu panakuwa na ngozi kavu kama maziwa yaliyochemka yakapoa na chini bado majimaji, ukigusa kwa juu unaona tayari kumbe bado, ukilaza mkeka ile ngozi inachanika kandokando ya kila jiwe la mchoro. Na mikeka iwe ya kutosha kuvuka upana wote mara mbili, ukiwa nayo michache unakimbizana na jua na jua halikusubiri.

Kingine, ile poda ya kufanya mkeka usigande, kwenye upepo achana nayo tumia ya maji. Siku moja nilimwaga poda ya kahawia kwenye ua wenye ukuta mweupe uliopakwa wiki ileile, upepo ukaja mara moja tu, puu. Tulishinda siku mbili tunasugua ukuta na mwenye nyumba amekaa kwenye kiti anatuangalia bila kusema neno, afadhali angetukana.

*Habari fundi. Ua wetu ulimwagwa saa sita mchana, sasa una nyufa nyembamba fupifupi zimefuata mistari ya mchoro. Fundi anasema ni za kawaida zitajifunga zenyewe. – Nimekata Tamaa*

Hazijifungi ndugu yangu, pole. Ila usikate tamaa, nyingi za aina hiyo ni za juujuu. Ni ile ngozi niliyomwambia kijana hapo juu. Chukua nyundo ndogo gonga taratibu kila mahali, ukisikia mlio mkavu wa kitu kigumu, uko salama. Ukisikia mlio wa debe tupu, hapo pamebanduka. Zile ambazo ukucha unakwama kidogo tu zinajazwa uji wa saruji wenye rangi ileile, zinasuguliwa, zinapigwa sila, mgeni haoni. Kama ni eneo kubwa na linalia debe, pakwanguliwe pamwagwe tabaka jembamba la saruji yenye polima, yaani iliyotiwa gundi ya plastiki ishike vizuri, lile linalokubali kugongwa mchoro upya. Ufa mmoja mrefu unaovuka ua wote ni kesi nyingine, huo ni wa mikato kukosekana au chini kushuka, ukiujaza utarudi.

*Baada ya kupaka sila zege langu limejaa viputo na sehemu nyingine limekuwa jeupe kama limemwagiwa maziwa. Nilipaka mwenyewe saa nane mchana, makoti mawili mazito ili lidumu. – Mpenda Kung'aa*

Umejijibu mwenyewe hapo kwenye saa nane. Zege likiwa la moto hewa iliyomo ndani inatanuka inatafuta pa kutokea, na sila inakauka juu kabla hewa haijapita, ndo viputo. Weupe ni unyevu ulionaswa chini ya koti zito. Koti nzito haidumishi kitu, inaziba tu.

Kama ni sila ya akriliki yenye kiyeyusho cha kemikali badala ya maji, subiri jioni zege linapoendelea kupoa, pitisha rola yenye zailini kidogo, hicho ni kiyeyusho cha rangi, sila inayeyuka viputo vinapasuka inatulia upya. Vaa barakoa inayofaa mvuke wa kemikali na glavu, moto na sigara viwe mbali kabisa. Jaribu kwanza kona moja. Kama ni sila ya maji hiyo dawa haikuhusu, itabidi uibandue. Ukirudia paka makoti mawili mepesi, na joto la zege lisome kwenye kopo maana kila kampuni ina lake. Sila ya epoksi peke yake usipeleke juani, inageuka manjano. Na jua la jangwa linakula sila, jiandae kurudia kila baada ya miaka 2 au 3, ukimwaga maji yakinyonywa badala ya kusimama matone ujue imekwisha.

*Tunamwagilia zege kila siku kama tulivyofundishwa lakini linatoka mabaka, na pembeni kwenye bustani kuna unga mweupe. – Mke wa Fundi*

Shem, zege la rangi halimwagiliwi kama nguzo. Ukimwaga maji hapa leo pale kesho, au ukafunika nailoni yenye mikunjo, kila mkunjo unaacha alama yake. Na maji ya baridi juu ya zege la moto yanatoa nyufa za nywele. Kwa zege la rangi tumia ile dawa ya kupulizia isiyo na rangi inayofungia unyevu ndani, muhimu ikubaliane na sila utakayopaka baadaye, na muda wa kusubiri wa sila nyingi ni kama siku 28.

Unga mweupe ukiwa ua mzima ni chokaa ya ndani ya zege inatoka na maji, brashi kavu kwanza, ikigoma siki iliyochanganywa na maji mengi halafu suuza. Ila wewe umesema pembeni kwenye bustani, mi nadhani hiyo ni chumvi ya udongo na ya maji ya kumwagilia, ardhi za ukame nyingi zina chumvi balaa. Sogeza mipira ya maji mbali na ukingo. Na mumeo kazi ijayo apime udongo kwanza, ukiwa na salfeti nyingi, chumvi zinazokula saruji, aagize saruji inayohimili salfeti na atandike nailoni nzito chini.

*Pembeni ya bwawa la kuogelea panateleza sana baada ya sila, tufanyeje? – Baba Watatu*

Koti la mwisho changanya chembe ndogo za plastiki za kuzuia kuteleza, zinauzwa palepale panapouzwa sila, na koroga kila mara unapochovya rola maana zinazama chini ya ndoo.