Injini isiyotupa kitu nyuma

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha sita, nachukua fizikia, kemia na hisabati (PCM). Nimesoma habari za injini iitwayo EmDrive, inayosemekana itatufikisha sayari ya Mars kwa umeme tu, bila kubeba mafuta ya kuunguza. Mwalimu wetu wa fizikia alisema, "Haiwezekani, basi." Lakini NASA waliipima wakapata msukumo, wakatangaza mwaka 2016. Na Goddard, baba wa roketi, si naye gazeti lilimwambia haiwezekani? Nataka kusomea uhandisi wa anga na injini hii ndiyo ninayoitamani. Nishike lipi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwalimu wako amesema kweli, ila mtu mwenye hamu kama yako anastahili kuelezwa zaidi ya "haiwezekani, basi".

Tuanze na chombo chenyewe. Chukua ndoo ya shaba, pana huku na nyembamba kule, uizibe pande zote mbili. Ndani yake unaingiza mawimbi ya maikrowevu, yale yale yanayopasha chakula. Mhandisi Mwingereza Roger Shawyer alidai kwamba mawimbi hayo yanausukuma upande mpana kwa nguvu zaidi kuliko upande mwembamba, kwa hiyo ndoo inakwenda. Hakuna kinachotoka nje.

Mimi nimekulia Pangani, baba yangu alikuwa mvuvi, na fizikia ya kwanza nilijifunza ndani ya mtumbwi. Upondo unasukuma mchanga wa chini, kasia linasukuma maji, tanga linasukumwa na upepo. Ukikosa vyote vitatu na una nazi mtumbwini, zirushe nyuma kwa nguvu, moja moja, na mtumbwi utasogea mbele kidogo. Hiyo ndiyo roketi. Lakini ukisimama ndani na kuusukuma mlingoti kwa bega, utatoka jasho mpaka magharibi na ufuo utabaki pale pale, kwa sababu bega linasukuma mbele huku miguu yako ikisukuma nyuma. Shawyer anatuambia tuusukume mlingoti.

Sasa Goddard. Tahariri ya New York Times ya Januari 1920 ilidai kwamba roketi haitafanya kazi angani kwa kuwa hakuna hewa ya kuisukuma. Waliokosea kanuni ya Newton, kwamba kila msukumo una msukumo wa kurudi ulio sawa nao, ni wahariri. Goddard aliifuata kanuni hiyo, tena alikwisha kupima roketi zake ndani ya ombwe, yaani mahali pasipo hewa, akaona zinasukuma. Gazeti lilisahihisha kosa lake Julai 1969, watu wakiwa njiani kwenda mwezini. Kwa hiyo mfano wako, mwanangu, unasimama upande wa mwalimu wako.

Vipi basi NASA walipata msukumo? Hapa ndipo ninapotaka utulie nami. Kikundi kidogo cha Houston, kikiongozwa na Harold White, kilitangaza milinyutoni 1.2 (milinyutoni ni sehemu ya elfu ya nyutoni, kipimo cha kani) kwa kila kilowati. Walitumia wati 40 hadi 80, kwa hiyo kani iliyopimwa hasa ilikuwa, kwa makadirio ya juu, sawa na uzito wa nusu punje ya mchele. Kani ndogo hivyo inaweza kuzalishwa na karibu kila kitu kilichomo maabarani: waya, joto, hata sumaku ya dunia.

Nilifundisha fizikia na kemia kwa miaka 27. Kuna jaribio la kuchoma utepe wa magniziamu kwenye kibakuli cha udongo. Majivu yanatakiwa yazidi uzito, maana magniziamu imechukua oksijeni. Kila mwaka alipatikana kijana aliyekiweka kibakuli kwenye mizani kingali cha moto, akaja mbio kuniambia kimekuwa chepesi. Hakusema uongo, mizani ndivyo ilivyoonyesha. Hewa iliyopashwa na kibakuli ilikuwa ikipanda na kukiinua. Nilikuwa namwambia kaa, subiri kipoe, pima tena.

Martin Tajmar na wenzake wa chuo kikuu cha ufundi cha Dresden, Ujerumani, walifanya hilo hilo kwa miaka. Mwaka 2018 walipunguza mno mawimbi yanayoingia ndani ya ndoo, na msukumo ukabaki karibu vile vile. Basi haukutoka kwenye ndoo. Walishuku nyaya za umeme zikivutana na sumaku ya dunia. Mwaka 2021 walionyesha jambo lililonifurahisha zaidi: injini ikipata moto, vishikizo vyake kwenye mizani vinapinda kidogo, na mizani inahama kutoka sifuri. Waliupata ule "msukumo" wa Houston, kisha wakabadilisha namna ya kuining'iniza injini, ukatoweka. Wachina wa Xi'an nao, waliowahi kutangaza milinyutoni 720, walipoweka betri ndani ya chombo badala ya waya kutoka nje hawakupata kitu cha kutegemewa.

Na kuna hesabu ambayo unaweza kuifanya mwenyewe leo jioni. Injini inayotoa kani ile ile kwa umeme ule ule (chukua milinyutoni 1.2 kwa kila kilowati za Houston), bila kutupa kitu, ikipita kasi ya kilomita 833 hivi kwa sekunde, inazalisha nishati zaidi ya inayokula. Zidisha kani kwa kasi uone. Anayeiamini EmDrive anaamini pia umeme wa bure.

Kuhusu masomo yako: nenda kasomee uhandisi wa anga, nakusihi. Kuokoa mafuta ni kazi ya kweli na watu wanaifanya. Chombo cha NASA kiitwacho Dawn kilizunguka Vesta, kisha Ceres, magimba mawili yaliyo mbali kupita Mars, kwa injini za ioni, zinazotupa chembe za gesi nyuma kwa nguvu za umeme, na takriban kilo 425 tu za gesi ya zenoni. Chombo cha IKAROS cha Wajapani, mwaka 2010, kilitandaza tanga na kusukumwa na mwanga wa jua. Kule mafuta hayakutupwa, lakini mwanga ulikuja kutoka nje ya chombo, kama upepo wa Pangani.

Kabla ya hapo, muombe mwalimu wako magniziamu na kibakuli. Pima kikiwa cha moto, pima baada ya dakika tano, pima baada ya ishirini, uniandikie namba zote tatu.