Jibu: Bangi kwa mdogo wako mwenye OCD

Pole sana, dada. Umeuliza kama umtafutie mdogo wako bangi ya dawa kwa sababu umesikia huko Marekani inatuliza OCD, yaani ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na kumlazimisha mtu kurudia jambo lile lile. Mimi nakusihi usifanye hivyo.

Habari hiyo ina chanzo. Mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Washington State kilichambua taarifa za watu 87 waliojirekodi kwa programu ya simu, na wengi walisema nafuu ilikuja upesi. Ila hapakuwa na kundi la kulinganisha. Watafiti wa New York walipowavutisha watu wazima 14 wenye OCD, mara bangi yenyewe, mara ile iliyoondolewa nguvu, dalili za OCD hazikutofautiana sana. Tena kwa kijana, bangi yenye THC nyingi (kile kinacholevya) inaweza kumletea wazimu juu ya ugonjwa alio nao. Na hapa Uganda akikamatwa nayo ni kesi.

Dada yangu mimi alikuwa akirudi kushika kufuli la mlango hata mara ishirini, vidole vimechubuka. Kilichomsaidia ni dawa iitwayo sertralini, na mazoezi na mshauri: anafunga mara moja, anaondoka, anakaa na ile hofu mpaka ishuke yenyewe. Siku ya kwanza alilia njia nzima hadi stendi ya boda.

Dawa kama hiyo huchukua wiki 8 hadi 12 kufanya kazi, msikate tamaa mapema. Mkiwa Kampala, anzieni Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili. Kama ameshaanza kuvuta, mwambieni daktari bila kuficha.