Kwa wanaoanza kazi ya ubwete wa viazi mbatata, yaani hali ya macho yake kulala kabla ya kuchipua

Kila msimu vijana wapya hutuletea jedwali lilelile, limejaa namba safi za homoni zisizoeleza lolote, nami hulazimika kuyarudia haya.

1. Chukueni sampuli kwenye jicho lenyewe na nyama inayoligusa. Mkisaga kiazi kizima, mtakuwa mnapima wanga.

2. Andikeni tarehe ya kuvuna na, mkiweza, ya viazi kuanza kutunga, kwa sababu jicho huanza kulala kiazi kikiwa bado kinanenepa udongoni. Shangi, aina ya kiazi ya Kenya, kwa jinsi inavyowahi kuchipua, haitawasubiri mrudi likizo.

3. Kagueni ghala kabla ya kuisifu homoni. Somo hili nililipia kwa aibu. Nilichovya viazi katika asidi ya absisiki, homoni ya mmea, nikiwa na hakika kwamba, kwa kuwa ndiyo inayodumisha ubwete, nyongeza kidogo ingeurefusha. Vilivyochovywa niliviweka chumba cha ndani na vya kulinganisha chumba cha nje, eti kwa sababu rafu zilikuwa zimejaa. Vya nje vikatoa vichipukizi virefu, vya ndani vikatoa vifupi na vinene, nami nikaandika taarifa ya kujigamba na kuisoma mbele ya wakubwa. Tulipotoka, mzee wa ghala akapita akiwa amebeba mkungu wa ndizi mbivu, akaniambia, "Mwanangu, chumba chako cha ndani kinaivisha vizuri." Ndizi zinazoiva hutoa etilini, homoni iliyo gesi, na etilini isiyokatika huzuia vichipukizi kurefuka; ya muda mfupi, kinyume chake, yaweza hata kuyaamsha macho. Asidi yangu, ambayo kiazi huivunja upesi, huenda haikufanya lolote, lakini sikuwa na namna ya kujua. Mzee sikuweza kumlaumu, kwani hakuna aliyemkataza.

4. Mkichovya viazi katika jiberelini, homoni nyingine ya mmea, iwe miligramu 1 hadi 10 kwa lita, kwa dakika chache tu. Ikizidi, mtapata vichipukizi vyembamba, vilivyopauka, visivyofaa shambani. Tena kumbukeni kwamba kazi yake kubwa ni kurefusha kichipukizi kilichokwisha kuamka, ilhali katika kuamsha penyewe homoni za saitokinini ndizo zenye ushahidi mzito zaidi.

5. Kichipukizi cha kileleni kiacheni hadi mmalize kupima. Kikikatwa, macho ya pembeni huepuka amri ya oksini, homoni ya kileleni inayoyazuia, na kuamka, na jaribio linakuwa jingine kabisa. Juzi nimemkuta mmoja wenu akivipogoa kwa wembe, na nilipomuuliza sababu akanijibu kwa adabu zote kwamba alitaka vilingane kwenye picha.