Jibu: Kwa nini modeli inalifikisha tope mbali mno?
Assalamu alaykum, ndugu yangu wa Wete. Umeuliza kwa nini modeli yako ya kompyuta ya tope na mawe yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh tarehe 3 Desemba 2023 inalifikisha tope mbali kuliko lilipotua. Katika kanuni ya Voellmy, yaani hesabu ya ukinzani unaopunguza mwendo wa tope, kigawo cha msuguano mkavu (namba ya msuguano kati ya tope na ardhi), ambacho hulinganishwa na tanjenti ya pembe ya mteremko, ndicho hasa kinachoamua tope lisimame wapi, ilhali kigawo cha msukosuko (namba ya ukinzani unaokua kadiri tope linavyokimbia) hutawala zaidi kasi. Ukirekebisha hiki cha pili peke yake, utahangaika bure. Pandisha cha kwanza kidogo kidogo, hadi mpaka wa tope ulandane na unaoonekana kwenye picha za satelaiti. Kagua pia ramani ya miinuko, kwani seli (vipande vya mraba vya ramani) za mita 30 hufuta makorongo membamba.