Kabla hujampa mtu kalamu

Jumamosi niko kwenye meza yetu ya kampeni ya usalama wa bunduki hapa Lewiston, jimbo la Maine, Marekani, nageuka namuona dogo mmoja mgeni anamsogezea mama wa Kikongo fomu ya kujiandikisha kupiga kura, anamwambia "weka sahihi hapa mama, ni mambo ya bunduki." Tumbo likanikata. Nikaichukua ile fomu kabla kalamu haijagusa karatasi. Dogo kanishangaa. Basi nawaandikia nyote mliojiunga baada ya kura ya Novemba 2025 iliyopitisha sheria ya bendera nyekundu (mahakama kumnyang'anya bunduki kwa muda mtu aliye hatari), nawapenda sana ila mnarudia yaleyale yetu.

1. Muulize mtu kama ni raia kabla ya kalamu. Muulize pembeni, taratibu, sio mbele ya foleni.

Mwaka 2024 kabla theluji haijaanza tulikuwa tunasaka sahihi za petisheni ya kuipeleka bendera nyekundu kwenye kura, zilitakiwa zaidi ya elfu 67, na mimi kila jioni nahesabu mistari. Jumapili moja nikabeba karatasi kanisani. Kuna mama pale namheshimu kama mzazi wangu. Ule usiku wa tarehe 25 Oktoba 2023, watu 18 wameuawa kwa risasi hapa Lewiston, kwenye bowling na kwenye baa, muuaji hajulikani alipo, simu zinalia ujumbe wa Kiingereza mtupu, yeye aliwalaza watoto wanne bafuni, godoro kaliegemeza mlangoni, siku mbili, mpaka yule mtu alipokutwa amekufa kule Lisbon, mji wa jirani. Alishawahi kuwalaza hivyohivyo Uvira, kule Kongo. Aliniambia, "mwanangu, nilijua haya nimeyaacha kule."

Kwa hiyo nilipomuonyesha karatasi hakuuliza swali, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, akalipulizia wino ukauke. Nikasema asante mama, nikageukia mwingine. Ana grini kadi tu, kibali cha kuishi, sio uraia. Na nilijua, jamani, nilikula sombe kwake siku alipoipata! Ila siku ile kichwani kwangu kulikuwa na mistari ya kujaza tu.

Klaki wa mji, anayekagua sahihi, aliikata ile sahihi, jina halipo kwenye daftari la wapiga kura, kwake yakaishia hapo. Miezi michache baadaye mama anajaza fomu za uraia, binti yake anamsomea, wakafika kwenye swali la kama umewahi kujiandikisha au kupiga kura, mama akanyamaza. Petisheni sio kura lakini nani alimwambia? Wiki tatu halali, anaamini atarudishwa, na kanisani akaacha kuja kwa sababu ndiko alikosaini. Mimi nadhani ana mafua. Binti ndiye aliyenipigia: "Kaka, mama ulimsainisha nini?"

Nilienda nikapiga magoti sebuleni kwake. Tukatafuta wakili wa uhamiaji, nikamlipa mimi, akakaa na mama akamweleza kila kitu mpaka akatulia. Mama alinisamehe siku ileile na chai akaniletea, na hiyo chai ndiyo inayoniuma mpaka leo. Sahihi zenyewe zilivuka elfu 80. Ile yake hatukuihitaji hata kidogo.

Na fomu ya kujiandikisha ni hatari kuliko petisheni, ukijaza kwamba wewe ni raia na siyo, unaweza kufukuzwa nchini. Dogo, sasa umeelewa kwa nini niliinyakua.

2. Acheni kuchanganya bendera ya njano, sheria ya zamani ya Maine ya kuchukua bunduki, na nyekundu. Ya njano lazima polisi wamshike mtu kwanza, apimwe na mtaalamu wa afya, ndipo hakimu. Ya nyekundu hata familia inaweza kwenda mahakamani yenyewe. Wenzake wa jeshi la akiba walishaonya kuhusu yule muuaji miezi kabla, njano ilikuwepo, na haikutumika.

3. Wawindaji sio maadui. Mwaka 2016 kura ya backgraundi cheki (mnunuzi wa bunduki achunguzwe kwanza) tulishindwa kwa tofauti ndogo, huku Maine kulungu ni kitoweo cha familia nyingi. Ukiita kila bunduki "otomatiki" mzee wa watu anaondoka na hakusikilizi tena.

4. Jina la muuaji msilitaje, picha yake msisambaze. Waliokufa wanne walikuwa viziwi, kwa hiyo kwenye mkutano mkalimani wa ishara aombwe mapema, msingoje jana yake.

5. Hiaringi za bunge la jimbo kule Augusta, pale raia na wasio raia wanapotoa maoni, ni dakika tatu kila mtu, jipime na simu nyumbani. Na asiye raia anaruhusiwa kusimama pale kutoa ushahidi, anaruhusiwa kumwandikia mbunge, hiyo ni haki yake kabisa. Yule mama wa Jumamosi baada ya kumweleza akaniuliza, "kwa hiyo mimi siwezi kusaidia?" Nikampa kiti. Alikaa pale mpaka saa kumi na moja, anawatafsiria watu kwa Kiswahili na Kifaransa, na kila anayesogea anamuuliza kwanza, kwa sauti ya chini, ana karatasi gani.