Jibu: Tepu imeandikwa, nitajuaje inasomeka?

Hapana ndugu, ulivyouliza kama `tar -t` (tar ni programu ya kufungasha faili, na -t huorodhesha zilizomo kwenye tepu) kumaliza bila kosa kunatosha: hakutoshi. Cheksamu (namba ya kuhakiki) ya tar hulinda kichwa cha kila faili, yaani maelezo kama jina na ukubwa, si data yenyewe. Kwenye Linux, rudisha tepu mwanzo kwa mt (amri ya kuendesha tepu), kisha ilinganishe na diski kwa tar -d:

mt -f /dev/nst0 rewind
tar -b 256 -dvf /dev/nst0 -C /

Hiyo -b (ukubwa wa bloku, kwa vipande vya baiti 512) iwe ileile uliyoandikia. Ukiiacha, tar husoma bloku za baiti 10240, na tepu yenye bloku kubwa zaidi hukurudishia "Cannot allocate memory". Kuna wanaokimbilia kuongeza RAM, bure kabisa. Epuka /dev/st0, jina jingine la kiendeshi hichohicho cha tepu, maana hurudisha tepu mwanzo kila amri ikiisha, na `mt fsf 1` yako (ya kuruka faili moja mbele kwenye tepu) inapotea.

"Mod time differs" kwenye faili za logi ni kawaida. "Contents differ" huku tarehe haijabadilika ndiyo ya kuogopa: pitisha tepu ya kusafishia hedi (sehemu ya kiendeshi inayosoma tepu), kisha soma upya.