Celica kwa milima ya Mwanza
Kaka, umeuliza kama Toyota Celica, ile gari ya kimichezo, ya mwaka 2000 yenye injini ya 1ZZ itakufaa hapa Mwanza, na kama uishushe bodi ikae chini zaidi. Ichukue tu. Injini hiyo imefungwa pia kwenye Toyota Allion na Wish za lita 1.8 za toleo la kwanza, spea hazisumbui. Ila 1ZZ za mwanzo zinakula oili: matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni ni madogo, yakiziba masizi, ringi za pistoni zinakwama na oili inapenya na kuungua. Kabla hujalipa, iache ipate moto, ukanyage mafuta, mtu asimame nyuma aangalie moshi wa bluu, ndiyo dalili ya kula oili. Ukishainunua, dipstiki (kijiti cha kupimia oili) uichomoe kila wiki uangalie kiwango. Kuishusha hapana, na fundi asikate springi kabisa! Gari ikikaa chini, haya mawe yetu yatapasua bakuli la oili chini ya injini. Hela ya kuishusha nunulia matairi na pedi za breki, mteremko wa Bugando unazimaliza haraka.